Kambi ya Kaisari Haikujengwa na Kaisari

Karibu na Bracknell, kusini mwa Uingereza, kuna ngome kongwe juu ya kilima iitwayo Caesar's Camp, yaani Kambi ya Kaisari. Kwa jina hilo, wengi huamini Julius Caesar, jemadari wa Kirumi, ndiye aliyeijenga. Sivyo. Yeye alivuka bahari kwenda huko mwaka 55 na 54 KK. Ngome ni ya wenyeji wa Enzi ya Chuma, karne kadhaa kabla yake. Inauma kuona waliochimba mahandaki yale wakinyang'anywa kazi yao na jina la mgeni.

Itazame kutoka angani: tuta la udongo linajipinda likifuata ukingo wa kilima, mithili ya jani la mwaloni. Kambi za Kirumi kwa kawaida zilikuwa mstatili wenye pembe za mviringo, kama karata. Warumi walipitisha jirani barabara yao ya kwenda mji wa Silchester.