“Kwani Yeye Alicheza Wapi?”: Dhana Potofu Kuhusu Makocha wa Vyuo Vikuu Marekani

Jumamosi kwenye semina ya makocha chipukizi wa mpira wa kikapu, kijana mmoja aliuliza kama kuna maana ya kuendelea na kozi ilhali hajawahi kuitwa timu ya taifa. Kabla sijafungua mdomo, mwenzake akamjibu: “Achana nayo. Kule Marekani vyuo vikuu vinachukua makocha waliocheza NBA.” Nimelisikia hili, kwamba bila kucheza NBA, ile ligi ya kulipwa, huwezi kuwa kocha wa chuo, mpaka masikio yamechoka.

“Kocha hodari ni yule aliyekuwa nyota uwanjani”

Mike Krzyzewski hakucheza NBA hata dakika moja. Alikuwa nahodha wa timu ya chuo cha kijeshi cha West Point, akatumikia jeshi, kisha akaingia kwenye ukocha. Alipostaafu 2022 alikuwa na ushindi 1,202 na mataji 5 ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo Marekani, yote akiwa na chuo cha Duke. Dean Smith alikuwa mchezaji wa akiba chuo cha Kansas kilipotwaa ubingwa wa 1952. Aliacha ukocha wa North Carolina 1997 akiwa na ushindi 879. Brad Stevens ndiye ninayempenda zaidi kwa mfano huu: alicheza chuo kidogo, akaajiriwa na kampuni ya dawa, mwaka 2000 akaacha mshahara akaenda kujitolea kwenye timu ya chuo cha Butler. Akiwa na miaka 30 alikabidhiwa timu, akaifikisha fainali mara mbili mfululizo, 2010 na 2011.

Sasa mgeukie Clyde Drexler, bingwa wa NBA mwenye dhahabu ya Olimpiki. Alirudi kuifundisha Houston, chuo chake mwenyewe, kwa misimu miwili kuanzia 1998: ushindi 19, vipigo 39. Patrick Ewing, nyota mwingine wa NBA, naye alirudi chuo chake cha Georgetown, akakaa misimu sita, akafukuzwa 2023 baada ya ushindi 75 na vipigo 109.

Sababu haina uchawi. Mwenye kipaji kikubwa hufanya mambo kwa mwili bila kuyapitisha kwenye maneno. Muulize kwa nini alitoa pasi ile, atakwambia “niliona tu”. Utamfundishaje mtoto “kuona tu”? Aliyekaa benchi miaka minne, kwa upande wake, amesikia kila neno la kocha, na amekuwa na muda wa kutosha kujiuliza kwa nini mwenzake anapangwa na yeye hapangwi.

Sisemi nyota hawezi kufundisha. John Wooden alikuwa nyota wa kweli akichezea chuo cha Purdue, na alitwaa mataji 10 katika miaka 12 akiwa kocha wa chuo cha UCLA. Lakini msimu aliuanza kwa kuwaonyesha vijana namna ya kuvaa soksi. Soksi yenye mkunjo huleta lengelenge, na mwenye lengelenge hafanyi mazoezi. Huo ni ualimu, haukutokana na pointi alizofunga.

Ushauri wangu ni ule ule, na wanaonijua wameuchoka: tafuta watoto wa chini ya miaka 12, funga mikono yako nyuma, wafundishe hatua mbili za kumalizia chini ya ringi kwa maneno matupu. Wakiweza, njoo tuzungumze.

“Asiyeshinda mapema hafai”

Msimu wa pili na wa tatu pale Duke, Krzyzewski alifungwa mechi 17 kila msimu. Wooden alipata taji la kwanza 1964, msimu wake wa 16 UCLA. Jim Calhoun, yule aliyemfundisha Hasheem Thabeet wetu wa Dar es Salaam, alianza kazi Connecticut 1986 na akasubiri ubingwa hadi 1999. Wakubwa wa vyuo siku hizi hawana subira hiyo, nakubali, ila hilo ni tatizo lao.

“Kazi yenyewe ni saa mbili za mazoezi”

Kanuni za NCAA zinaruhusu saa 20 tu kwa wiki pamoja na wachezaji wakati wa msimu. Zinazobaki kocha anazimaliza kwenye simu, video na safari za kusaka vijana. Tangu 2021, wachezaji waliporuhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, kama kwenye matangazo, na kuhama chuo kukawa rahisi, kuna makocha wanaojenga karibu kikosi kizima upya kila mwaka.

“Ukipata chuo umetajirika”

Wa juu kabisa wanalipwa mamilioni ya dola. Daraja la kwanza pekee lina timu za wanaume zaidi ya 350, na mwaka 2025 ni 68 tu zilizoingia kwenye mashindano ya Machi mnayoyaona kwenye televisheni. Pat Summitt alianza kufundisha timu ya wanawake ya chuo cha Tennessee 1974 akiwa na miaka 22, kwa dola 250 kwa mwezi. Aliendesha basi dogo la timu mwenyewe na kufua jezi mwenyewe. Mataji 8 yalikuja baadaye.

Yule kijana wa semina nimempa watoto 14 na mipira 3. Anaanza Jumatatu, mikono nyuma.