Jina la kwenye kichwa cha gita halipigi besi

Haipiti wiki hapa Ng'ambo, mjini Unguja, bila mtu kuniletea gita la besi, akaliweka mezani, na kabla hajaniambia linaumwa nini, akaniomba radhi. "Fundi, usilicheke, si Fender hili. Ni la kujifunzia tu." Simcheki. Nalifungua, nakuta yale yale ninayoyakuta katika magita ya bei mara kumi: nyuzi zimeoza kwa chumvi, shingo imepinda na masika, vifundo vya sauti vinakwaruza. Ugonjwa hausomi jina. Lakini mwenye gita ameshajihukumu, na waliomhukumu kwanza ni wenzake wa bendi, ambao nusu yao wanapiga magita ya kuazima.

Kwa hiyo leo niyajibu mara moja maneno ninayoyasikia kuhusu besi, moja moja, ili mtu akija tena nimwelekeze asome huku mie naendelea na kazi.

"Besi ni Fender, mengine ni mbao tu"

Hili ndilo linalonichosha kuliko yote, basi nitakaa nalo.

Kwanza tumpe mtu haki yake. Bwana Leo Fender, ambaye kampuni ya magita ya Fender ina jina lake, alikuwa fundi redio kule California, na gita mwenyewe hakujua kulipiga. Mwaka 1951 akatoa besi aliyoiita Precision. Kabla ya hapo mpiga besi alibeba dude la kusimama, lile unaloliona nyuma ya jukwaa vikundi vya taarabu kama Nadi Ikhwan Safaa au Culture Musical Club wakipiga. Yeye akalipunguza likavaliwa begani, akalitia freti, yaani vile vyuma vilivyokingama kwenye shingo, ili noti itoke ilipo bila kubahatisha, akachagua urefu wa waya wa inchi 34. Mwaka 1960 ikafuata Jazz Bass. Vipimo vile vilikuwa sahihi kiasi kwamba karibu kila besi unayoiona leo imeanzia hapo.

Lakini angalia maana yake. Ubora ule ulikuwa katika mchoro, na mchoro umeshaenea dunia nzima. Kiwanda cha Indonesia leo kinakata mbao na shingo kwa mashine inayoongozwa na kompyuta, na mashine hiyo haijui kama kichwa kitaandikwa Ibanez au Squier.

Na hiyo Fender yenyewe, ipi? Waulize wenye kujisikia, utaona hawakubaliani hata wao kwa wao. Ya Meksiko hawaitaki, japo kiwanda cha Ensenada ni cha kampuni hiyo hiyo. Squier hawaihesabu, na Squier ni mali ya Fender, inatengeneza magita tangu 1982. Ukileta ya Marekani watakuuliza ya mwaka gani, maana kampuni iliuzwa kwa CBS, kampuni ya redio na televisheni, mwaka 1965, na kwao yaliyotoka baada ya hapo hayana baraka. Wakati huo huo, besi za mwishoni mwa miaka ya 1970, ambazo wapigaji wa zama zile walizilalamikia kwa uzito na viungo vya shingo vilivyolegea, leo zinauzwa ghali kwa kuwa ni za zamani. Mbao ni zile zile na viungo ni vile vile. Kilichobadilika ni kinachosemwa.

Sasa hebu tufuate sauti inakopita. Waya wa chuma unatikisika juu ya sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, yaani pikapu. Mtikisiko unazaa umeme kidogo sana. Umeme huo unapita kwenye vifundo, kwenye kebo, kwenye amplifaya, mwisho spika inasukuma hewa. Tafuta katika njia hiyo pahala ambapo jina la kichwani linapita. Halipo. Vinavyopita ni aina ya nyuzi na umri wake, mahali pikapu ilipokaa, spika uliyonayo, na kabla ya vyote hivyo, kidole: kinagusa wapi, kwa nguvu gani, na kinaukata mlio lini.

James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za Motown, kampuni ya rekodi kule Marekani, alikuwa na Precision ya 1962. Wenye Fender humtaja yeye kama hoja ya mwisho. Hawataji mengine. Alitia nyuzi za bapa, zile laini ukizipapasa, na hakuzibadilisha mpaka zikatike. Chini ya kifuniko cha briji, pale nyuzi zinapoishia kwenye kiwiliwili cha gita, paliwekwa sifongo ya kufifisha mlio. Na mkono wa kulia alipigia kidole kimoja, cha shahada. Ukimpa mpiga besi wa leo hapa mjini gita la hali hiyo ataniletea akisema bovu. Yeye ananunua Fender kwa sababu ya Jamerson, kisha anatia nyuzi mpya zinazong'aa, anachapa kwa dole gumba, halafu ananiuliza mbona haitoki ile sauti.

Paul McCartney wa Beatles naye, mwaka 1961 kule Hamburg, alinunua besi ya Höfner kwa takriban pauni 30. Fender ilikuwa karibu pauni 100 na hakuwa nazo. Umbo la ile Höfner, mfano wa fidla, lilimfaa pia kwa kuwa anapiga kwa mkono wa kushoto: ukiligeuza halionekani limepinduliwa. Fedha kidogo na umbo la kupendeza, hizo ndizo sababu zake.

Na kwa nini twende Hamburg? Nenda kwenye harusi yenye kidumbak, ule muziki wetu wa harusini. Besi pale ni sanduku: kasha la mbao la majani ya chai lililofunikwa, waya mmoja, fimbo moja. Mpigaji anavuta fimbo waya unakaza, analegeza unashuka, na masikio yake ndiyo freti. Bibi harusi hajawahi kuuliza sanduku lile limetoka kiwanda gani, na wanawake wanakata viuno mpaka alfajiri.

Je, fedha hazinunui kitu? Zinanunua, nisidanganye. Besi ya bei ya juu huja na vikazio vya nyuzi visivyoteleza, ncha za freti zilizopigwa msasa zisikukwaruze kiganja, shingo iliyo imara zaidi, na ukitaka kuiuza mnunuzi hakosekani. Besi ya bei ya chini kabisa inaweza kukusumbua katika yote hayo. Lakini kutoka ya kati hadi ya juu, tofauti iliyobaki nyingi huondoka kwa kazi ya mezani. Nalegeza au kukaza kile chuma kilichopita ndani ya shingo mpaka shingo inyooke, ibaki na mbonyeo mdogo tu. Nashusha nyuzi zikae milimita mbili na kitu juu ya freti ya 12. Nasogeza vipande vya briji mpaka noti ya freti ya 12 iwe ile ile ya waya ulio wazi, oktava moja juu. Naipanga pikapu, nasafisha vifundo. Mtu akilichukua anasema, "Fundi, umebadilisha nini?" Sikubadilisha kitu. Hakuna aliyelishika tangu litoke kwenye boksi.

Tena kwetu huku kazi hiyo ni ya kurudiwa. Mbao inakunywa unyevu wakati wa masika, ikija kaskazi inaurudisha. Gita la bendi ya hoteli kule Nungwi linatoka stoo yenye kiyoyozi linakwenda kusimama kwenye upepo wa pwani kwa muda wa saa nne, na shingo inahama hata kama imeandikwa jina gani.

Jambo la mwisho katika hili. Stika za majina zinauzwa. Nimeona mezani kwangu "Fender" ambayo jina lake linabanduka kwa ukucha, na mwenyewe ametoa bei ya pikipiki. Anayenunua jina huuziwa jina.

Mimi sisemi usinunue Fender. Ukilipenda, nunua. Rangi, umbo, mpigaji unayemhusudu, marehemu baba yako alipiga lile, zote ni sababu halali na hazihitaji ushahidi. Nina mteja aliyechagua besi nyekundu ili ifanane na sare za bendi yao, akasema hivyo hivyo, nikamheshimu. Ninayemchukia ni yule anayependa, kisha anayageuza mapenzi yake kuwa elimu na kumwaibisha nayo kijana aliyejinyima mwaka mzima akapata gita lake la Cort.

"Mbao nzito, sauti nzito"

La. Mbao ina mchango wake, hasa shingo, lakini katika gita la umeme ni mdogo mno mbele ya nyuzi na pikapu. Wapo wanaoniuliza kama wakichonga bodi, yaani kiwiliwili cha gita, ya mninga au mpingo watapata besi nzito. Watapata mgongo mzito. Bodi za mwanzo za Fender zilikuwa mbao za kawaida zilizopatikana kwao kwa wingi. Taarabu ya harusi inakwenda kwa muda wa saa tano, sita. Pima kwanza kwenye mzani, kilo nne zinatosha, na ununue mkanda mpana.

"Nyuzi nne ni za wanafunzi"

Waya wa sauti ya chini kabisa wa besi ya nyuzi nne unatikisika mara 41 kwa sekunde, na ule wa tano mara 31. Spika nyingi za kumbi zetu hazifiki huko chini. Unachosikia ni noti za juu yake, sikio linajazia lililobaki. Nyuzi tano zina faida ya kweli pale kinanda kinaposhuka na mwimbaji anataka ufunguo wa chini, ndiyo maana wapigaji wengi wa rusha roho wanazitaka. Ukihitaji, chukua. Lakini wapo waliochukua tano wanaotumia tatu.

"Besi fupi ni ya watoto"

Ile Höfner ya McCartney ina urefu wa waya wa inchi 30. Tumemaliza.

"Kupiga kwa piki si kupiga besi"

Carol Kaye, mpiga besi wa studio, alirekodi kwa piki, kile kipande kidogo cha kukwanyulia nyuzi, kule Los Angeles nyimbo zisizohesabika, na waliozisikiliza hawakuomba kurudishiwa fedha zao.

"Lenye betri ni bora kuliko lisilo na betri"

Kampuni ya Music Man ilipotoa besi ya StingRay mwaka 1976 yenye kikuza sauti ndani yake, ilikuwa jambo zuri: unaweza kuongeza sauti nzito na sauti kali pale pale kwenye gita. Ni ladha nyingine tu, si daraja la juu. Na ladha hiyo ina gharama. Betri ya volti tisa huisha katikati ya wimbo, kwa sababu mpigaji ameacha kebo imechomekwa usiku kucha. Katika magita mengi ya namna hiyo kebo ndiyo swichi. Chomoa kebo ukimaliza. Nimeshalisema hili mpaka mke wangu analijua, na yeye hapigi hata zeze.

"Lisilo na freti ni la kujionesha"

Hapa nitasimama kidogo, maana hapa ndipo uchaguzi unapokuwa na sababu ya muziki wenyewe. Katika makamu (maqam), yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kama Rast na Bayati zipo sauti zinazokaa baina ya freti mbili. Fidla inazipata, udi unazipata, nai inazipata, na lile besi la kusimama linazipata kwa kuwa halina freti. Gita lenye freti haliwezi, isipokuwa uvute waya pembeni. Kwa hiyo ukipiga taarabu asilia na watu wa fidla na udi, lisilo na freti ni kifaa cha kazi. Ukipiga na kinanda na akodiani zilizokwisha kupangwa kizungu, hutopata cha kufanya nalo, na usipokuwa na sikio utawaudhi watu. Mpiga besi wa Marekani Jaco Pastorius alilipiga hivyo na Jazz Bass ya 1962, lakini Jaco alikuwa na sikio lake.

"Nyuzi zichemshwe, ubao upakwe mafuta ya nazi"

Kuchemsha nyuzi kunatoa uchafu na kuzirudishia mng'aro kwa muda mfupi. Kutu hakutoi, na huku kutu ndiyo adui. Dawa ni kitambaa kikavu: pangusa kila waya juu na chini kila unapomaliza kupiga, hasa ukitoka ufukweni, kisha lirudishe gita kwenye begi pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Mafuta ya nazi kwenye ubao wa vidole yananasa vumbi na kugandamana, kisha nayakwangua mie kwa kadi ya simu iliyokwisha, na kazi hiyo naitoza.

Ukija, njoo na kebo yako na, ukiweza, amplifaya unayopigia. Nusu ya "besi mbovu" ninazoletewa ni kebo, na nyingi ya zilizobaki ni amplifaya ya kinanda yenye spika ya inchi nane inayoombwa ijaze ukumbi wa harusi.