Sabato si siku ya kulala: yanayoharibu wikendi za vijana Wayahudi

"Sabato kazi zimekatazwa, kwa hiyo vijana watasali, watakula, watalala." Kila wikendi ya vijana ikipangwa lazima mtu aseme hivyo, na programu hufia hapo hapo. Kilichokatazwa ni aina 39 za kazi: kuwasha na kuzima moto, kupika, kuandika, kuchana na nyinginezo. Kuimba, kuigiza, kutembea, kubishana juu ya Torati hadi sauti zikauke, ruksa! Kinachokosekana ni maandalizi ya Ijumaa.

Sabato huanza Ijumaa jua linapozama. Huko Nabugoye karibu na Mbale, kwa Abayudaya, jamii ya Wayahudi wa Uganda, jua huzama kati ya saa 12:30 na saa 1:00 jioni mwaka mzima, na mishumaa ya Sabato huwashwa dakika 18 kabla. Basi mratibu awe amemaliza kila kitu saa 11. Karatasi za mjadala ziwe zimechapwa na kukatwa. Kalamu haitashikwa, kwa hiyo alama za mashindano zihesabiwe kwa kusogeza kibanio kwenye kadi ya namba. Karatasi za chooni zichanwe mapema. Swichi za bwenini zibandikwe utepe, maana kijana aliyezoea kuzima taa ataizima. Maharage ya Jumamosi yaive kabisa, kisha sufuria ikae juu ya makaa yaliyofunikwa majivu; chai ikae kwenye chupa. Pasipo na eruvu (mpaka unaozungushwa eneo ili kubeba vitu ndani yake kuruhusiwe siku ya Sabato), vitabu vifikishwe ukumbini mapema, kwa sababu havitabebwa barabarani.

Saa za hatari ni 8 hadi 11 alasiri. Baada ya mlo mzito usilete mhubiri, tafadhali. Wapumzike saa moja na nusu, halafu vikundi vya watu 8, maswali matatu, dakika 40, kijana mwenzao akiongoza. Mtu mzima akae pembeni anyamaze.

Kauli nyingine: "Rabi akishabariki chakula, ni kosheri," yaani kinaruhusiwa kuliwa kwa sheria ya Kiyahudi. Hakuna baraka yenye uwezo huo. Mnyama awe wa halali na achinjwe na mchinjaji aliyefunzwa, nyama itolewe damu kwa chumvi, na vyombo vya nyama visikutane na vya maziwa. Sukuma wiki ikaguliwe jani kwa jani, kwa sababu ya wadudu. Jiko la kukodi lenye masufuria ya wengine ndilo huponza wengi; nunua yako.

"Akishafanya bar mitzva amemaliza." Hiyo ni sherehe ya mvulana kufikia umri wa kushika amri: miaka 13 ndipo wajibu unapoanza, na ndipo wengi hutoweka. Mpe kazi wiki hiyohiyo: asome Torati, aongoze nyimbo, asimamie wadogo.

"Asiyejua Kiebrania hawezi kushiriki." Anaweza, mwandikie sala kwa herufi za Kilatini. Ila usimwache hapo. Herufi ni 22: mbili kila wiki, wiki 11 zimekwisha, kisha zifuate alama za irabu.