Ulanguzi wa majina ya vikoa: maana yake na namna unavyofanyika

Jina la kikoa ni ile anwani anayoiandika mtu ili kufikia tovuti, na sifa yake kubwa ni kwamba haligawanyiki: likishasajiliwa chini ya kiishio fulani, kama vile .com, hakuna mwingine awezaye kulitumia mpaka aliyelisajili aliuze au aliachie. Biashara nzima imesimama juu ya upekee huo. Mlanguzi husajili au hununua jina kwa bei ndogo, si kwa nia ya kujenga tovuti, bali kwa matarajio kwamba siku moja atatokea mtu anayelihitaji hilo hilo wala si jingine. Neno ulanguzi lina harufu ya lawama, lakini hapa linafaa, kwa kuwa bidhaa huuzwa ilivyonunuliwa, bila kuongezewa chochote.

Hadi mwaka 1995 kusajili jina la .com kulikuwa bure. Ndipo ikaanza kutozwa ada ya dola 100 kwa miaka 2. Ada hiyo ilishuka baadaye, na watu wakaanza kujilimbikizia majina kwa mamia. Mauzo yanayotajwa sana ni ya voice.com, ambalo mwaka 2019 kampuni ya MicroStrategy iliiuzia Block.one kwa dola milioni 30. Mfano huo huwapotosha wengi wanaoanza. Jina hilo ni neno moja, fupi, linaloandikwa kama linavyosikika, ilhali majina mengi yaliyosajiliwa kwa kubahatisha hayapati hata wa kuyaulizia bei.

Jambo ambalo wageni wa biashara hii hulisahau ni kwamba jina la kikoa halinunuliwi moja kwa moja, bali hukodiwa, na muda wa juu wa kulilipia .com kwa mkupuo ni miaka 10. Tuseme mtu ana majina 100 na kila moja linamgharimu dola 10 kwa mwaka: lazima kila mwaka auze angalau moja kwa dola 1,000 ili tu asile hasara. Akiacha kulipa, msajili, yaani kampuni inayoandikisha majina, anaweza kumvumilia kwa siku zisizozidi 45, kisha hufuata siku 30 za kulikomboa jina kwa ada nzito zaidi, halafu siku 5 za kungoja kufutwa. Likifutwa, programu za wadakaji, yaani wanaovizia majina yanayofutwa, huligombea papo hapo, ingawa majina mazuri mara nyingi hunadiwa na wasajili kabla ya kufika huko.

Ulanguzi ni tofauti na uvamizi, yaani kusajili jina linalofanana na alama ya biashara ya mwingine ili kumkamua mwenyewe. Tangu mwaka 1999, ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa majina hayo duniani, ina utaratibu wa usuluhishi ambapo mlalamikaji hutakiwa kuthibitisha mambo 3: kwamba jina linafanana na alama yake kiasi cha kuwachanganya watu, kwamba aliyelisajili hana haki wala maslahi halali juu yake, na kwamba alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Akishinda, jina huhamishiwa kwake au hufutwa. Fidia ya fedha haimo. Kwa hiyo anayehodhi neno la kawaida la kamusi kwa ajili ya maana yake ya kawaida ana msingi wa kujitetea, lakini aliyelipachika herufi moja ya ziada jina la kampuni mashuhuri hana pa kushika.

Mauzo yakikubaliwa, ugumu hubaki kwenye kuaminiana, maana muuzaji huogopa kuachia jina kabla ya kulipwa, na mnunuzi naye huogopa kulipa kabla ya kulipata. Kwa hiyo fedha huwekwa amana kwa mtu wa kati. Muuzaji hufungua kufuli linalozuia jina lisihamishwe na kutoa namba ya siri ya uhamisho, mnunuzi huthibitisha kwamba jina limeingia katika akaunti yake, ndipo fedha zinapoachiwa.