Bigsby kwenye gitaa la uvungu: yasemwayo na yalivyo

"Bigsby haikai tyuni." Hili ndilo nalisikia kuliko yote kuhusu Bigsby, ile vibrato, yaani mkia wa gitaa wenye mkono wa kuyumbisha noti, na linaniuma, maana chombo kinasingiziwa. Paul Bigsby alikitengeneza California baada ya mpiga gitaa Merle Travis kumletea gitaa lenye vibrato ya aina nyingine iliyokuwa ikiharibu tyuni. Yaani kilizaliwa kuwa dawa ya ugonjwa huohuo.

Kazi yake ni nyepesi: mhimili unaozunguka, springi moja, mkono. Bonyeza mkono, nyuzi zinalegea. Achia, springi inaurudisha mhimili mahali pake. Kinachokwama ni uzi, ama kwenye mfereji wa ule mfupa ulio juu ya shingo, ama kwenye daraja. Jaribu uzi wa G. Bonyeza mkono, achia, sikiliza. Ukiwa umerudi juu kidogo, uvute kidogo kwa kidole upande wa freti, mbele ya mfupa. Ukisikia "ting" na sauti ikakaa sawa, mwizi umemshika. Mfereji uliobana usuguliwe kwa tupa laini, upakwe unga wa penseli. Darajani, vigurudumu vidogo chini ya nyuzi husaidia sana.

"Lazima utoboe uso wa gitaa." Si lazima, ila chagua modeli kwa makini. B6 ya gitaa nene na B3 ya gitaa jembamba hushikwa kwa skrubu za mkiani, ambako ndani kuna kipande imara cha mbao. B7 ina pia skrubu zinazoingia usoni. Hiyo inafaa gitaa lenye gogo katikati, kama Gibson ES-335. Kwenye uvungu halisi uso ni ubao wa milimita chache tu, skrubu haina cha kung'ata. Nakusihi, usiutoboe.

"Toa nyuzi zote, ufanye kazi kwa nafasi." Katika magitaa mengi ya namna hii daraja halijagundishwa, mgandamizo wa nyuzi ndio unaolishika; ukizitoa zote linahama. Zungushia miguu yake tepu ya karatasi kwanza, la sivyo utakuja kulitafutia mahali pake upya kwa kulinganisha noti kwenye freti ya 12.

"Ni kufunga skrubu tu." Na ule waya wa ethi uliokuwa umegusa mkia wa zamani? Ukisahaulika, amplifaya itanguruma. Pima kwa mita kati ya uzi na ganda la jeki kabla hujafunga kazi.

Kuhusu jina: wengi huiita tremolo, lakini tremolo ni kupanda na kushuka kwa ukubwa wa sauti, si kwa noti. Gitaa la Fender Stratocaster la 1954 ndilo lililoeneza mkanganyiko huo. Bigsby mwenyewe alisema vibrato.

"Kuweka nyuzi ni mateso." Ni kweli mpaka ujue hili: pinda ncha yenye kidonge kabla ya kuitundika kwenye pini ya mhimili, kisha shindilia kipande cha sponji chini ya mhimili kiishike wakati unakaza.