Pumba zilipimwa zikaonekana safi, mitamba ikavimba

Kuna mama mmoja wa Kisesa, hapo nje kidogo ya Mwanza mjini, alinipigia simu asubuhi, "Daktari, mitamba yangu ya nguruwe yote imeingia joto siku moja." Nikamuuliza ina miezi mingapi, akasema mitatu na nusu. Mama, nguruwe wa miezi mitatu na nusu haingii joto! Nikawasha pikipiki nikaenda. Nachuchumaa bandani nakuta uke umevimba mwekundu, chuchu zimetokeza kama za nguruwe anayekaribia kuzaa, na kwenye kihori kuna pumba za mahindi, dagaa na mashudu ya pamba. Nikachota pumba kiganjani, zina mabonge na zinanuka unyevu.

Hiyo ni zearalenoni, sumukuvu inayotoka kwenye kuvu wa Fusarium, mwili unaidhania ni homoni ya kike. Lakini mama akanionyesha kwenye simu majibu ya kipimo cha pumba zilezile, zearalenoni kidogo mno. Akaniuliza kipimo kimedanganya?

Hakikudanganya, kiliulizwa swali moja tu. Mahindi yakiwa bado shambani yanashambuliwa na kuvu, na mmea nao unajitetea, unaishika ile sumu unaibandika sukari ya glukosi, sasa inakuwa si sumu tena kwa mmea, inafungiwa ndani ya seli basi. Kipimo kinachotafuta zearalenoni tupu mara nyingi hiyo yenye sukari kinaipita hivihivi. Ila tumboni mwa nguruwe kuna bakteria kibao na wao wanachotaka ni sukari, wanaikata wanakula, sumu inabaki huru inafyonzwa kwenye utumbo kama kawaida. Hili halijaanza leo, mwaka 1990 watafiti wa Ujerumani walishamlisha nguruwe zearalenoni yenye sukari wakaona inafunguliwa tumboni.

Na ikishaingia kwenye damu haijatulia, yaani hapa ndipo nguruwe ananisikitisha kila siku, maana ini lake linaigeuza kuwa alfa-zearalenoli ambayo nguvu yake ya kihomoni ni kubwa kuliko ile ya mwanzo, halafu inatoka na nyongo inarudi utumboni inafyonzwa tena, inazunguka hivohivo, ndo maana mnyama anaendelea kuvimba hata siku ambayo hajala. Ini la ng'ombe na la kuku linaigeuza zaidi kuwa beta-zearalenoli, ambayo ni dhaifu.

Zearalenoni ina ndugu yake anaitwa DON (deoksinivalenoli), sumukuvu nyingine ya Fusarium, ile inayomtapisha nguruwe na kumfanya akatae chakula, nayo mmea unaibandika sukari vilevile. Kwa nguruwe hiyo sukari inakatwa, ingawa sehemu kubwa inakatiwa huko chini kwenye utumbo mpana kwa hiyo inayofyonzwa ni pungufu kuliko angekula DON tupu. Kuku wa nyama hata haikati, na inayopenya ni kidogo sana. Ng'ombe yeye ana bakteria wa tumbo la kwanza wanaoivunja DON kabla haijafika mbali. Sasa ukisoma kiwango cha sumu anachovumilia kuku ukamwekea nguruwe umeumiza mnyama, nawaambia wafugaji wangu hivi kila siku.

Tulizitoa pumba zote siku hiyohiyo, mama akanunua nyingine kavu, na baada ya kama wiki mbili uvimbe ukawa umeshuka.

Akaniuliza zile za zamani awape kuku au ng'ombe wa maziwa wa jirani, maana si nimesema wao wanavumilia. Nikamkatalia. Pumba zenye mabonge namna ile zinaweza kuwa na aflatoksini pia, sumukuvu nyingine, na hiyo ng'ombe haiwezi, ini lake linaigeuza kuwa aflatoksini M1 inatoka kwenye maziwa, na jirani ana mtoto anayekunywa maziwa hayohayo. Tukachimba shimo nyuma ya banda tukazifukia.