Wataalamu wa vijidudu vya chakula wakikutana, jikoni kwangu kinafika nini?

Tunasikia wanasayansi wa usalama wa chakula wamekutana nchi fulani, wamepiga picha ya pamoja, wamerudi makwao. Huko huwa wanafanya nini hasa?

Picha ya pamoja ndiyo inayofika kwenye habari. Kazi yenyewe haina mvuto wa kamera. Ukumbini mtu anapewa dakika chache aeleze alichokipata maabara, kisha wenzake wanamhoji mpaka jasho limtoke: ulichukua sampuli ngapi, ulizisafirisha kwenye baridi gani, una hakika si maji yenu ndiyo yaliyoharibu majibu? Nje, kwenye korido, wengine wamebandika mabango ya utafiti wao na kusimama pembeni, kikombe cha chai mkononi, wakisubiri wa kuwauliza.

Mkutano mmoja mkubwa uliofanyika jirani na sisi ni wa Addis Ababa, tarehe 12 na 13 Februari 2019, ulioandaliwa na Umoja wa Afrika pamoja na Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO). Walikuja wajumbe wa nchi zipatazo 130, mawaziri na wanasayansi. Hesabu iliyotajwa sana pale ni ile ya WHO ya mwaka 2015: kila mwaka watu milioni 600 duniani huugua kwa sababu ya chakula, na 420,000 hufariki. Kati ya hao waliofariki, 125,000 ni watoto wa chini ya miaka mitano.

Nipe mfano mmoja wa utafiti huo uliookoa watu kweli.

Twende Afrika Kusini. Katikati ya 2017, madaktari wa wodi za watoto wachanga mkoani Gauteng waliona listeria imezidi kawaida. Listeria ni bakteria wa kwenye chakula. Mtu mzima mwenye afya anaweza hata asijue kwamba amempata, lakini mjamzito anaweza kupoteza mimba, na kichanga anaweza kufa.

Ugumu wake ni kwamba ugonjwa unaweza kuchukua hadi siku 70 kujitokeza. Hebu jiulize ulikula nini wiki kumi zilizopita. Wagonjwa nao hawakukumbuka.

Maabara ya taasisi ya taifa ya magonjwa ya kuambukiza ikaanza kusoma vinasaba vya kila listeria iliyotoka kwa wagonjwa, herufi kwa herufi. Karibu tisa katika kila kumi walikuwa wa ukoo mmoja, ST6. Maana yake, chanzo kikubwa kilikuwa kimoja. Lakini kiko wapi?

Januari 2018, watoto wa kituo kimoja cha kulelea watoto huko Soweto walifikishwa hospitali wakiharisha na kuwa na homa. Daktari akashuku chakula na kutoa taarifa, maofisa afya wakaenda kufungua friji ya kituo. Wakakuta poloni, ile soseji nene ya kukatwa vipande. Sampuli moja ya choo cha mtoto na ile poloni zikaonyesha listeria, ST6 yule yule. Kutoka kwenye friji hiyo walifuata nyayo hadi kiwanda kimoja cha nyama mjini Polokwane, wakamkuta na huko. Tarehe 4 Machi 2018 waziri wa afya akatangaza chanzo, bidhaa zikaondolewa madukani, wagonjwa wakapungua. Mlipuko ulipotangazwa kwisha Septemba mwaka huo, hesabu ilisimama kwenye wagonjwa 1,060 na vifo 216.

Miezi mitano baadaye ndipo wakakutana Addis. Na bidhaa hizo zilikuwa zimeuzwa nchi 15 nyingine za Afrika, Uganda na Congo zikiwamo. Nchi isiyo na maabara ya kusoma vinasaba ingezika watu wake bila kujua kilichowaua. Kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kulipia nauli za wanasayansi.

Sisi hatuli poloni sana. Listeria inatuhusu?

Soseji za kando ya barabara tunakula, na maziwa yasiyochemshwa wapo wanaokunywa. Listeria ana tabia mbaya moja: friji haimzuii. Bakteria wengi kwenye baridi hulala, yeye anaendelea kuongezeka, polepole. Ila moto anauogopa. Soseji ikipashwa mpaka ndani iwe ya moto kabisa, habari yake imekwisha. Kupitisha juu ya jiko ili ipate rangi hakuhesabiki. Mjamzito asile soseji baridi wala maziwa mabichi, hata kama mama mkwe anasema yana nguvu.

Kiporo cha wali nikikichemsha sana, si wadudu wote wanakufa?

Wengi wanakufa. Sumu yao haifi, na hapo ndipo wengi tunapokosea.

Wali una bakteria anayeitwa Bacillus cereus. Anatoka shambani na mchele, akiwa amejifunga kwenye ganda gumu kama mbegu. Sufuria ikichemka, yeye yumo ndani ya ganda lake anasubiri. Umepakua, mmekula, uliobaki umefunikwa palepale jikoni. Saa tatu usiku sufuria bado ina uvuguvugu, katikati ya wali kuna joto la kumfaa kabisa, naye anafungua ganda. Bakteria mmoja anayegawanyika kila dakika 20 hufika zaidi ya milioni mbili ndani ya saa saba. Kufikia asubuhi ameshaachia sumu ambayo jiko la mkaa, gesi, au hata kukaanga kwa mafuta ya moto haviivunji. Unakula ukiwa wa moto na unanukia, na ndani ya saa chache unatapika.

Kwa hiyo dawa ya kiporo iko usiku, asubuhi umeshachelewa. Wali uliobaki utandaze kwenye sinia upoe upesi, kisha uingie friji ndani ya saa mbili. Huna friji? Pika wa kutosha mlo mmoja. Najua kwamba kwa mama lishe mwenye sufuria ya kilo kumi ushauri huu ni mgumu. Yeye autunze juu ya makaa ukiwa wa moto wa kuunguza mkono, si vuguvugu.

Na mahindi yenye ukungu, nikiyasaga ugali unakuwa salama?

Hapana. Sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu, haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004 Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Chambua punje zilizooza, koboa kabla ya kusaga, anika kwenye turubai na si kwenye udongo. Ulizozitupa usimpe ng'ombe, maana sumu hurudi kwako kupitia maziwa.

Kuna jambo moja la watafiti ninalolipenda: Aflasafe. Wamechukua ukungu wa jamii ileile ila usiotoa sumu, wanaumwaga shambani kabla mahindi hayajachanua, nao unawahi nafasi ya ule mbaya. Kenya iliusajili 2015, Tanzania 2018.

Nikiharisha baada ya kula, ninunue antibayotiki?

Usikimbilie duka la dawa. Mara nyingi unachohitaji ni maji ya chumvichumvi ya ORS. Kutumia antibayotiki ovyo kunajenga usugu wa vimelea, na hiyo ni mada inayojaza ukumbi kwenye mikutano hii.

Nenda kituo cha afya ukiona damu kwenye choo, homa kali, kutapika kusikokoma, au mgonjwa ni mtoto mdogo, mzee au mjamzito. Wakiomba sampuli ya choo usione haya. Ile ya Soweto ilikuwa moja tu. Na ukiulizwa ulikula nini siku tatu zilizopita, taja vyote, pamoja na zile chipsi mayai za saa nne usiku ambazo nyumbani hawazijui.